Gazeti Lisomwe Kabla ya Kujadiliwa

Kila linapotajwa neno utamaduni, wengi miongoni mwetu hufikiri mara moja juu ya ngoma, mavazi, mapishi na ngano za wazee. Mambo hayo ni sehemu ya utamaduni wetu na hatuna nia ya kuyabeza. Lakini namna watu wa nchi moja wanavyopata habari, wanavyozipima na wanavyofikia uamuzi pamoja nayo ni sehemu ya utamaduni wao, tena ni sehemu ambayo ikiharibika hakuna ngoma itakayoweza kuitengeneza. Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliueleza utamaduni kuwa ndio kiini na roho ya taifa. Ikiwa ndivyo, basi yatupasa tuvitazame viwanja vya ngoma, na pia tuyatazame mabaraza ambamo wananchi huzungumza habari za nchi yao.

Katika makala haya tunakusudia kusema juu ya vikundi vya watu wanaokutana Jumamosi au Jumapili ili kujadili yaliyoandikwa magazetini kuhusu mambo ya nchi na ya dunia. Vikundi hivyo vina sifa njema. Huundwa na walimu, makarani, mafundi, wafanyabiashara wadogo, wakulima na vijana waliomaliza shule, na hakuna awalipaye posho. Hata hivyo, tunadai bila kuficha kwamba vingi vya vikundi hivyo havifanyi kazi vilivyoundiwa, kwa sababu moja tu: watu hujadili jambo wasilolisoma. Tunadai pia kwamba kosa hili si dogo. Linawanyima wananchi haki yao ya kujua, na linawaachia wachache kazi ya kufikiri kwa niaba ya wengi.

Si kwamba watu wetu hawajui kuzungumza. Mazungumzo ni mali yetu ya asili. Nyumba za Pwani na Visiwani zilijengwa zikiwa na baraza nje, ili mwenye nyumba na mpita njia wakae wazungumze. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mahali panapoitwa Jaws Corner pamejulikana kwa miaka mingi kuwa ni mahali pa kahawa na hoja za siasa. Bara nako kuna vijiwe vya kahawa, vivuli vya miembe na vibanda vya mafundi cherehani. Kusoma magazeti kwa pamoja nako si jambo geni. Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa mwaka 1923, waliojua kusoma walikuwa wachache, na nakala moja ilipita mikono mingi. Aliyejua alisoma kwa sauti, na wasiojua walisikiliza, wakauliza, kisha wakachukua habari nyumbani kwao. Mzee asiyejua herufi hata moja aliweza kujadili yaliyoandikwa, kwa kuwa yalikuwa yamesomwa mbele yake neno kwa neno.

Leo mambo yamegeuka. Wanaojua kusoma ni wengi, lakini wanaosoma ni wachache. Tukitembelea meza ya muuza magazeti asubuhi yoyote tutawaona watu wamesimama wakisoma ukurasa wa mbele, kisha wanaondoka bila kununua. Hatuwalaumu kwa kutonunua, maana fedha ni ngumu. Tunalaumu kwamba mtu huyo huyo, jioni, atakaa mbele ya wenzake na kuieleza habari nzima kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika. Redio nazo husoma vichwa vya habari kila asubuhi, na wasikilizaji huridhika. Simu za mkononi zimeongeza mengine: mtu hupokea maneno mawili matatu yasiyojulikana yametoka kwa nani, naye huyapeleka kwa watu hamsini kabla ya kuyatafakari. Basi Jumamosi ikifika, kikundi hukutana kikiwa na vichwa vya habari bila viwiliwili. Mwenye sauti kubwa ndiye hushinda, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Tutoe mfano mmoja ili tusionekane tunapiga kelele bure. Mwezi Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo katika miamala ya fedha kwa simu. Kiwango kilikuwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi cha fedha kilichotumwa au kutolewa. Wananchi walilalamika sana, na mwezi Septemba mwaka huo huo viwango hivyo vilipunguzwa kwa asilimia 30. Katika miaka iliyofuata vikabadilishwa tena. Jambo hili lilimgusa kila mtu, tangu mama muuza samaki hadi mwanafunzi anayetumiwa nauli na kaka yake. Je, ni wangapi kati ya waliobishana juu yake walioweza kutofautisha tozo ya Serikali na ada iliyokuwa ikikatwa na kampuni ya simu? Ni wangapi waliojua kwamba punguzo la asilimia 30 liliifanya ile tozo ya juu kabisa ya shilingi 10,000 iwe shilingi 7,000, na kwamba kwa mtu anayetuma fedha kidogo punguzo hilo lilikuwa ni shilingi chache tu? Ni wangapi walioweza kueleza fedha hizo zilisemwa kuwa zingejenga nini, ili baadaye waulize kama kituo cha afya au darasa lililoahidiwa limejengwa? Anayeunga mkono bila kujua ni mfuasi tu, na anayepinga bila kujua naye ni mfuasi tu, ila wa mtu mwingine. Mwananchi ni yule anayejua anachokikubali na anachokikataa.

Wako watakaotujibu kwamba kusoma kwa pamoja ni kazi ya darasani, na kwamba watu wazima hawawezi kukaa kusomewa kama watoto. Jibu letu liko mbele ya macho yao. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo waumini hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao. Kwanza husomwa Neno, kisha ndipo watu husema walivyolielewa. Katika darsa za misikitini mwalimu hufungua kitabu, husoma, hutafsiri, hufafanua, na maswali hufuata. Hakuna muumini mwenye adabu anayesimama kufafanua aya ambayo haijasomwa. Mabwana na mabibi wenye umri mkubwa husikiliza kwa utulivu, wala hawajioni wamegeuzwa watoto. Kama tunaweza kuwa na nidhamu hiyo katika mambo ya imani, tunashindwaje kuwa nayo katika mambo ya bajeti, ardhi, shule, bei ya mazao na vita vya jirani zetu? Gazeti si Kitabu kitakatifu. Na kwa kuwa si kitakatifu, na lina makosa na upendeleo wake, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kulisoma kwa makini.

Taifa letu pia lina ushahidi wake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa majuma 12 kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imewahesabu watu wapatao milioni 12. Tunapenda kukumbusha namna kazi ile ilivyofanyika, maana wengi wanaitaja kwa sifa bila kujua siri yake. Watu hawakuachwa wasikilize redio kisha wapige soga. Walikaa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Walisikiliza kipindi, wakasoma kwa sauti maandishi yaliyotayarishwa, wakayajadili kwa kuyalinganisha na hali ya kijiji chao, kisha wakakata shauri la kutenda. Vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa, mazalio ya mbu yakafukiwa. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilichapishwa kwa ajili ya wale waliokuwa wametoka tu kujifunza kusoma, ili wasirudie ujinga kwa kukosa cha kusoma.

Hatusemi kwamba kila kitu cha wakati ule kilikuwa kizuri. Mada zilichaguliwa juu na kuletwa chini, na mwanakikundi hakuulizwa angependa kujadili nini. Leo hatuhitaji kungoja mada ziletwe. Lakini ule utaratibu wa kusoma, kujadili na kuamua ulikuwa sahihi, na sisi tumeutupa pamoja na yale yaliyostahili kutupwa.

Sasa tuwageukie wasomi wetu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, pale Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi wa chama kilichojulikana kwa kifupisho cha USARF waliendesha madarasa ya itikadi kila Jumapili. Walisoma vitabu na makala, wakavichambua kwa ukali, na kati yao walitoka watu waliokuja kujulikana Afrika nzima. Jarida lao la Cheche lilianza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970. Hakuna awezaye kuwanyima sifa ya bidii na ujasiri. Walisoma kwanza, ndipo wakasema. Lakini tutazame lugha. Jarida lilipewa jina la Kiswahili, na sehemu kubwa ya maandishi yake ikawa ya Kiingereza. Walizungumza juu ya wakulima na wafanyakazi katika lugha ambayo wakulima na wafanyakazi hawakuielewa. Wakati huo huo, katika vijiji, wakulima nao walikuwa wakikaa katika vikundi vyao kwa Kiswahili. Makundi mawili ya wananchi wa nchi moja yalisoma na kujadili katika miaka ile ile, na mlango uliokuwa kati yao ulifungwa kwa kufuli la lugha.

Kufuli hilo halijafunguliwa. Hadi leo wako wasomi wanaodai kwamba mambo ya uchumi wa dunia, sheria za kimataifa au mabadiliko ya tabianchi hayajadiliki kwa Kiswahili. Tunawauliza: je, mliwahi kujaribu? Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo maneno mengi yamekubalika na kutumika. Tunasema ubinafsishaji, utandawazi, mfumuko wa bei, ruzuku, deni la taifa, na mfanyabiashara wa sokoni anaelewa, ikiwa atafafanuliwa mara moja tu. Neno haliwi gumu kwa kuwa ni la Kiswahili. Huwa gumu kwa kuwa halijatumiwa. Na mahali pa kulitumia ni hapo hapo katika kikundi cha Jumamosi, ambapo mtu akisikia neno geni anaweza kunyanyua mkono na kusema, “Ndugu mwenyekiti, neno hilo maana yake nini?” Msomi aliyesoma makala ya Kiingereza ana deni. Alipe deni hilo kwa kuyaeleza kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Akishindwa, basi tutakuwa na haki ya kushuku kwamba hata kwa Kiingereza hakuyaelewa vizuri. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na sisi tulishangilia. Itakuwa aibu dunia ikiheshimu lugha yetu huku sisi tukiiona haifai kuzungumzia bajeti yetu wenyewe.

Kwa kuwa ni rahisi kulaumu bila kuonyesha njia, tueleze utaratibu tunaouona kuwa unafaa.

Kwanza, kikundi kiwe kidogo, watu kumi hadi kumi na watano. Wakizidi hapo, inakuwa mkutano wa hadhara, na mkutano wa hadhara huzaa wahutubiaji.

Pili, kila juma yachaguliwe makala mamoja tu, nayo yachaguliwe juma moja kabla. Wajibu wa kuchagua uzunguke, ili leo achague mwalimu, kesho fundi, keshokutwa mama lishe. Kikundi ambacho mtu mmoja huchagua daima ni shamba la mtu mmoja.

Tatu, makala yasomwe yote kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama wote waliokuwapo wanadai wamekwisha kuyasoma. Wasomaji wapokezane aya. Nakala moja yatosha kwa watu kumi na watano, na kwa hiyo hoja ya bei ya gazeti inaanguka yenyewe.

Nne, kabla ya mtu yeyote kutoa maoni yake, kikundi kijibu maswali manne: Mwandishi anasema nini hasa? Amejuaje? Ni maneno gani katika makala hayo ni tukio, na ni yapi ni maoni yake? Ni nani anayehusika lakini hakuulizwa? Swali hili la mwisho tunalithamini kuliko yote. Makala yakieleza bei ya korosho, na ndani yake wamo waziri, mnunuzi na mwenye meli, lakini mkulima hayumo, kikundi kitakuwa kimejifunza jambo kubwa juu ya korosho na juu ya magazeti pia.

Tano, mwenyekiti asihutubu. Kazi yake ni kugawa zamu, kumrudisha msemaji kwenye makala, na kumwuliza aliyenyamaza. Mwenyekiti anayeanza kwa kutoa msimamo wake amekwisha kufunga mjadala, kwa sababu katika desturi zetu wadogo huona haya kumpinga mkubwa. Adabu hiyo ni njema, nasi hatutaki ife. Tunachotaka ni mkubwa aitunze kwa kusema mwisho.

Sita, katibu aandike mambo mawili tu: yale yaliyokubaliwa kuwa ni ya kweli, na maswali yaliyobaki bila majibu. Maswali hayo ndiyo kazi ya juma linalofuata. Huyu aende maktaba, yule amwulize ofisa wa kata, mwingine atafute gazeti la pili lililoandika habari ile ile kwa namna nyingine. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na mikoani nako kuna maktaba. Zisigeuzwe kuwa mahali pa wanafunzi kujiandalia mitihani tu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Vikundi hivi, kwa sehemu kubwa, ni vya wanaume. Hukutana kijiweni, au jioni wakati mama yuko jikoni, kisha husemwa kwamba wanawake hawapendi siasa. Huu ni uongo. Wanawake wa VICOBA hukutana, huhesabu fedha, hutunza madaftari na kutoza faini kwa mchelewaji. Nidhamu yao ingewaaibisha wengi wa wachambuzi wetu wa kijiweni. Wasiokuwapo hawakushindwa kufika. Saa ilichaguliwa bila wao. Basi saa na mahali vichaguliwe pamoja nao, na kama itabidi kikundi kiende kule waliko, kiende. Mjadala wa bei ya maji usiomhusisha mchota maji ni porojo.

Mwisho tuseme neno kwa viongozi, hasa wa mitaa na vijiji. Kuna makosa mawili wanayoweza kuyafanya. La kwanza ni woga: kuwaona watu kumi na watano wenye gazeti na kudhani kwamba wanapanga fitina. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Wanaosoma pamoja hadharani wanatumia haki hiyo kwa namna iliyo safi kuliko zote. Afadhali kiongozi awaogope wale wasiosoma, kwa kuwa hao ndio hubebwa na uvumi. Kosa la pili ni upendo wa kupita kiasi: kukichukua kikundi, kukipa mlezi, mgeni rasmi na ratiba ya hotuba, mpaka wanakikundi waanze kukaa kimya na kupiga makofi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulifanya majivuno na uonevu kuwa mwiko kwa kiongozi. Kiongozi akitaka kusaidia, na aje Jumamosi, akae kwenye mkeka, ashike zamu yake ya kusoma aya, na aulizwe maswali kama wengine.

Tunajua kwamba utaratibu huu unachosha. Kusoma makala mamoja kwa saa nzima hakuna utamu wa kubishana juu ya vichwa kumi vya habari. Wengine watakuja mara mbili, kisha watarudi kijiweni. Wacha warudi. Watakaobaki watakuwa wamejifunza kumsikiliza mwenzao mpaka mwisho, kukiri kwamba jambo fulani hawajalijua, na kumwuliza mwenye mamlaka swali lenye tarakimu na tarehe ndani yake. Hayo hayaonyeshwi uwanjani siku ya sikukuu, wala hayapigwi picha. Lakini nchi iliyowahesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022 haiwezi kuendeshwa kwa busara kama watu hao wanapokea habari za nchi yao kwa kusimuliwa tu. Jumamosi ijayo, basi, kabla mtu hajafungua mdomo kutoa msimamo wake, na afungue gazeti, asome aya ya kwanza kwa sauti, kisha ampe jirani yake aya ya pili.